Harusi ya Herufi K

Jibuti, 9 Februari 1985

Wifi Beydan,

Salamu zangu zianzie kwa Mama, mkweo, mgongo wake unaendeleaje na baridi hii ya huko juu, zipite kwa Hibo mwanao, ndipo zikufikie wewe, maana siku hizi nasikia kukufikia ni kupanga foleni. Sisi huku wazima. Mtoto anaota meno na hanipi raha. Kaka yangu, yaani mumeo Samatar, anakwenda bandarini na kurudi, anakula, analala, anamshukuru Mungu.

Sasa nikuulize. Kaseti ya shairi lako imefika Jibuti. Dereva wa lori aliiweka kwenye mgahawa wa chai, na sasa huwezi kununua hata kitunguu bila kukusikia. Tunajua wewe ni mtu wa maendeleo ya jamii, unawachimbisha watu mabirika ya maji ya mvua, na tunajua watu wetu hawashiki sululu mpaka watungiwe shairi. Hapo sina neno. Lakini mtunzi ndiye anayechagua herufi, na akishaichagua maneno yake yataanza nayo mstari hadi mstari mpaka mwisho. Katika herufi zote alizotupa Mungu, wewe ukaiona D tu?

Nimeusikia mwisho wake mpaka nimeuhifadhi:

*Dimbwi letu litajaa, dua zitadondokea,*
*Daima tulidaiwa, dunia ina madeni;*
*Diriye, dume la kazi, dawa yako itadumu.*

Diriye! Fundi wa saruji! Na umemweka mstari wa mwisho, mahali ambapo wenzako huweka mpenzi. Mumeo anaitwa Samatar. S nayo ni herufi, au mmeifuta huko Burao? Wanaume pale mgahawani walitazamana, na kaka yangu alikuwa amekaa katikati yao na kikombe mkononi. Hakukimaliza. Nilimwambia aandike mwenyewe, akasema hana la kuandika.

Nieleze, wifi yangu, nami nimweleze yeye.

Wako Ubah

—

El-Guban, karibu na Burao, 3 Machi 1985

Ubah, wifi yangu mwenye maneno,

Amani kwako, kwa mumeo na kwa meno ya mwanao. Mama hajambo. Mgongo unauma asubuhi, na ikifika jioni unapona ili apate kwenda kwa jirani kusengenya. Hibo amejifunza kukama mbuzi na sasa anataka tumlipe. Mvua ya kwanza haijaja bado, lakini birika limepakwa saruji na linaisubiri.

Kuhusu D. Kama ungenikuta mkutanoni usingeuliza. Koo mbili hapa zimekaa miaka zikitazamana, kila moja inasema mwenzake ianze kuchimba. Ukiwahutubia wanasinzia. Ukiwasomea karatasi ya ofisi wanaondoka. Shairi ndilo lenye mkia: likisemwa mbele yao lazima walijibu, na kwa herufi ileile, ama washindwe. Yule mzee msemaji wao, mpinzani wangu mkubwa, alikwishaitumia D yote kwenye shairi lake la ngamia aliyekufa, hakubakiza neno. Akijirudia watamcheka mpaka kaburini. Ndiyo maana nikachagua D. Alikohoa, akatafuta jibu mpaka chai ikapoa, kisha akavua koti akashika sululu. Nyuma yake wakashika wote.

Na Diriye? Nilibakiwa na nusu mstari mtupu, na yeye alikuwa amesimama mbele yangu, katoka kwenye kazi nyingine, kapakaa saruji mpaka kope. Kama angeitwa Yusuf angekosa sifa zake. Nilimsomea Mama barua yako. Alicheka mpaka akashika ubavu. Akasema, "Diriye? Yule ukimkaribia lazima uzibe pua! Mwambie Ubah kama Beydan anataka kuzini nitamchagulia mtu mwenyewe, mwenye meno."

Samatar ananijua. Mwambie aandike. Hajaniandikia tangu mfungo, na mtu asiye na la kuandika huwa analo kubwa.

Beydan

—

Jibuti, 30 Aprili 1985

Wifi,

Nafurahi kusikia Mama anacheka. Kwangu hajawahi kucheka hivyo, na mimi ndiye niliyetoka tumboni mwake. Mwambie nimemnunulia shuka zito la kujifunika, litakuja na lori lijalo. Mtoto ana meno manne na ananiuma.

Maelezo yako nimempa kaka. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema "sawa", akatoka. Kama ungekuwapo usingefurahia hiyo "sawa".

Nikwambie jambo ambalo yeye hatalisema hata ukimfunga kamba. Huku hakuna mtu anayemwita Samatar. Wanamwita "mume wa yule wa kaseti". Msimamizi wake bandarini anamwita hivyo. Kinyozi anamwita hivyo. Juzi mtu alimsimamisha sokoni, akamshika mkono kwa heshima zote, akamuuliza, "Wewe ndiye Diriye?" Fikiria hapo! Mwanamume wa umri ule, mtoto wa mtu, anabeba magunia kuanzia alfajiri, na jina lake halimo popote. Umemsifu fundi, umesifu mvua, mwaka juzi ulisifu hata punda aliyebeba mchanga. Punda ana shairi. Mumeo hana.

Wewe una birika, una redio, una Mama anayekusifu kwa kila anayepita. Mimi nina kaka mmoja tu, na ninaona anavyoinamisha kichwa. Naona wivu kwa niaba yake, naam, na kidogo kwa niaba yangu. Jina langu nalo hujalitumia.

Ubah

—

El-Guban, 22 Mei 1985

Ubah,

Shuka limefika na Mama amelala nalo mchana kutwa. Mvua imenyesha! Birika limejaa mpaka ukingoni, na zile koo mbili sasa zinagombana nani achote kwanza, ugomvi mzuri kuliko ule wa zamani. Hibo alilia kwa sababu hakuwahi kuona maji mengi kiasi kile mahali pamoja. Alidhani yatatufuata nyumbani.

Jina lako ni la irabu, wifi. Linapatana na kila kinywa kilichofunguka. Nitakutungia siku nikiwa mvivu.

Kuhusu S. Usidhani sikujaribu. Alipoondoka nilikaa nayo miezi. Unataka kujua kilichokuja? *Safari* ilikuja ya kwanza. Kisha *sahau*. Kisha *siri*, *simanzi*, *subira*. Nikakaa nangoja *sauti*, mtu aniletee hata barua yenye mkono wake, nipate neno la furaha la kuanzia mstari. Halikuja. Mtunzi hatungi kwa herufi tu, anatunga kwa alichopewa. Punda alinibebea mchanga.

Mwambie hivyo hivyo, usimpunguzie. Na mwambie pia kwamba kila usiku napika chakula chake nacho, kisha Hibo anakila. Sijaacha. Mimi ndiye mwenye haki ya wivu hapa: mji mzima wa Jibuti unamwona kila siku, na mimi simwoni. Hata kinyozi namwonea wivu.

Anarudi lini? Ulimuuliza au hukumuuliza?

Beydan

—

Jibuti, 19 Agosti 1985

Kwa wifi yangu mpenzi, ua la El-Guban, Beydan,

Mungu akupe afya na akuongezee kila jema. Nisamehe kwa ukimya huu mrefu. Joto lilikuwa kali, mtoto alikuwa na homa, sasa amepona, Alhamdulillahi. Kwa dereva huyuhuyu nimekutumia kitambaa cha hariri, chekundu kwa sababu kinaendana na rangi yako, na viatu vya Hibo. Mama nimemwekea majani ya chai mazuri. Kaka hajambo, anawasalimu sana, sana.

Wifi, nina ombi, na najua hutaniangusha, maana moyo wako ni mpana. Kuna binti wa jirani yetu anaolewa mwezi wa kumi. Binti mwenye adabu, ana sauti ya upole, jina lake Kaltun. Wanawake wa mtaa wanataka ngoma iwe na shairi la maana, wala si yale maneno matupu tunayoimba sisi. Nikajigamba kwamba wifi yangu ni fulani. Basi sasa nimekwama. Tutungie shairi la harusi, la kumsifu bibi harusi, herufi K. Sifu uzuri wake, sifu nyumba anayoingia. Bwana harusi usimtaje, hana haja, ni mtu mpole asiyependa makuu. Andika tu kwenye karatasi, nitalisoma mimi.

Ulizo lako la mwezi wa tano nitalijibu tukionana.

Wifi yako akupendaye,
Ubah

—

El-Guban, 14 Septemba 1985

Wifi Ubah,

Tumepokea vyote. Hibo amelala na viatu miguuni. Hariri ni nzuri mno. Sijawahi kupewa na wewe kitu kizuri hivi, hata nilipoolewa. Mama anasema chai yako ina harufu ya msamaha. Kiangazi kimeanza kuuma lakini birika bado lina maji, na kijiji cha pili kimekuja kuniita nikawasemee.

Shairi lako nimelitunga. Nilikuwa jikoni na Mama nikitafuta maneno kwa sauti. Akauliza, "Herufi gani hiyo?" Nikamwambia K, ya bibi harusi. "Na bwana harusi?" Nikamwambia wamesema asitajwe. Mama aliweka chini kikombe. "Toka nizaliwe," akasema, "nimeona harusi bila nyama, nimeona harusi bila ngoma, mwaka wa ukame niliona harusi bila bibi harusi, alikuwa amekwenda kuchota maji. Harusi ambayo bwana anafichwa sijaiona. Kwani ni mwizi?"

Nikarudi kwenye maneno yangu ya K, naye akarudi kwenye sufuria yake. Ila hajamaliza ile chai yako.

Karatasini sitaandika. Unajua shairi la wimbo likisomwa linakufa. Nimemfundisha Ruun, mke wa dereva, yule mwenye kumbukumbu ya ngamia. Anaweka neno kama alivyolipokea, haongezi wala hapunguzi hata ukimpiga. Atafika kwenu kabla ya ngoma. Sharti langu ni lile la siku zote, na Ruun analijua: asiseme hata mstari mmoja kabla ya kumtaja mtunzi, jina lake na la baba yake. Shairi lisilotajwa mwenyewe ni mali ya wizi.

Nimelifanyia kazi kuliko la birika. Mwambie bibi harusi nimemtakia kila nilichokijua.

Beydan

—

Jibuti, 27 Oktoba 1985

Beydan,

Sina salamu leo. Mtoto mzima, mimi si mzima.

Ulijua. Usiniambie hukujua. Ulikaa hapo jikoni kwa mama yangu, ukafuma neno kwa neno, ukamtumia mwanamke mnene mwenye kumbukumbu ya ngamia aje anivue nguo mbele za watu.

Nikueleze, maana najua unangoja. Ndoa ilifungwa asubuhi, ngoma ya wanawake ikawa jioni, ukumbi umejaa. Nilimwambia Ruun kando, "Shoga, jina la mtunzi usihangaike nalo, watu wana haraka." Akanitazama kama nimemwambia ale nguruwe. Akasimama katikati, akasema kwa ile sauti yake, "Shairi hili ni la Beydan binti Jibril, wa El-Guban." Ukumbi ulipiga vigelegele! Na Kaltun, maskini, akaruka kitini. "Beydan yule wa kaseti? Amenitungia mimi?" Analijua shairi lako la birika lote. Alinikumbatia, akaniambia, "Dada Ubah, kwa nini ulinificha?" Nilitamani ardhi ipasuke.

Ruun akaanza. 

*Kaltun, kito cha kabila, kumekucha kwenu leo,*
*Kila koo likiita, kicheko kiitikie;*
*Kupendwa kwako kukue, kama kiu kiangazi…*

Wanawake walikuwa wanalia, nakwambia kweli. Nami nililia. K baada ya K, hakuna unyayo uliopotea njia, nikasema moyoni, Mungu amenisitiri, kumbe moyo wake ni mpana kweli. Kisha mstari wa mwisho:

*Na Samatar, baba Hibo, leo ni bwana harusi.*

Hakuna K. Hata moja! Ukumbi mzima uliisikia ile K ikikosekana, kama mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwepo. Hata watoto waligeuka kumtazama Ruun. Bibi mmoja akadhani Ruun amesahau, akamwambia, "Rudia, mwanangu, umekosea hapo." Ruun akasema, "Sikosei mimi. Ndivyo lilivyo." Akarudia. Mara ya pili hakuna aliyekuwa na shaka.

Kaltun akauliza taratibu, "Hibo ni nani?"

Sikuwa nimemwambia. Kaka alisema atamwambia mwenyewe, na kaka anavyosema mambo unamjua. Tulimwambia kaka na mkewe wa bara, tusimtaje jina, waliachana kwa sababu ya fundi, na kwamba lile jina la "mume wa yule wa kaseti" ni utani wa bandarini tu. Ndiyo. Tulisema hivyo. Naandika ili ulione, na kama una mawe tupa.

Sasa yuko nyumbani kwake na kazi zake. Ameolewa, atakwenda wapi? Lakini amelihifadhi. Akifua analiimba, akifagia analiimba, na akifika mstari ule wa mwisho anausema wazi, Samatar akiwa amekaa palepale na sahani yake. Ndiyo maana kaka anakula kwangu siku hizi. Ameniambia, "Mwandikie amenivunjia heshima." Nikamwambia aandike mwenyewe. Akasema hana la kuandika.

Sheria inamruhusu wake wanne, Beydan. Angekuwa mwanamke mwingine angelia kidogo, akanyamaza.

Ubah

—

El-Guban, 21 Novemba 1985

Ubah,

Amani kwako hata hivyo, na kwa mtoto. Mama amejua. Sikumwambia mimi, Ruun alimwambia, kwa sababu Ruun haongezi wala hapunguzi. Mama akaniambia, "Nimezaa watoto wawili, na aliyebaki kwangu sikumzaa." Chai yako ameimwaga. Bado ni mama yako, mwandikie.

Unasema nilijua. Nilijua siku ile hariri ilipotoka kwenye mfuko. Wewe hujawahi kunipa hata sindano.

Unataka nikuambie nilifanya kwa ajili ya haki, kwa ajili ya huyo binti mliyemdanganya? Si kweli. Nilifanya kwa wivu. Niliona wivu mpaka chakula kikawa mchanga mdomoni. Nilikuwa mkutanoni kijiji cha pili, watu wamekaa wananingoja niseme juu ya maji, nami kichwani namwona mwanamke nisiyemjua akimpokea viatu vyake mlangoni. Nilisimama, nikafungua mdomo, nikakuta kila neno linalokuja linaanza na K. Nikawaambia naumwa. Kwa mara ya kwanza watu wamenisubiri nami sikuwa na la kuwapa. Kijiji kile hakijachimba mpaka leo, na hilo nalo liko juu ya kaka yako.

Wake wanne najua. Angeniandikia, "Beydan, nimechoka kuwa peke yangu, naoa," ningemtukana kwa herufi zote, ningelia, kisha ningeamka nikapike. Lakini alininyamazia, akanisingizia fundi, halafu akanitumia wewe nimtungie mke mwenzangu nyimbo. Alitaka nipike karamu yangu mwenyewe ya kuachwa, tena nisijue nani anakula. Hicho sikimezi.

Basi mpelekee ujumbe huu. Anaogopa maneno yangu, anaogopa kaseti, anaogopa kalamu. Mwambie talaka haitaki herufi, haitaki mizani, haitaki sauti nzuri. Ni neno moja la kawaida ambalo hata mtu asiye na la kuandika analiweza. Alitamke mbele ya mashahidi, aliandike chini ya mkono wake, anitumie. Itakuwa barua yake ya kwanza kwangu tangu mfungo wa mwaka jana, na nitaisoma mara moja tu. Mama anabaki hapa. Hibo anabaki hapa. Mimi kesho narudi kijiji cha pili kuwasemea tena.

Huyo binti mwambie simchukii. Nimejaribu nikashindwa. Aendelee kuimba akifua. Lakini ule mstari wa kiu ya kiangazi sikuutunga kwa ajili yake. Niliutunga juu yangu, jikoni, mama yako akiwa amekaa pembeni yangu. Mume amchukue. Mstari ni wangu, na kila akiusema, amtaje kwanza mwenyewe.

Beydan binti Jibril